Vibao vya Bi Verna

Wanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza hawafai kuachwa peke yao na majirani. Sisi wa bonde hili la Vermont tunalijua hilo, maana chuo chao kimekaa katikati ya kijiji chetu, kati ya mto na kanisa. Kila vuli, majani yanapoanza kuwa mekundu, hutushukia na mabegi yao wakiwa wamejaa bashasha, na baada ya wiki chache tu ukimsalimia mmoja wao anataka kujua ulikuwa na maana gani.

Tamsin Oakley alikuwa mmoja wao, na tusimwonee, alikuwa msichana mwema. Alitoka Baltimore, mjini kabisa, akapanga chumba cha juu katika nyumba ya Bi Verna Colburn, mjane aliyekula chumvi nyingi na bado ulimi wake ulikuwa mkali. Nyumba ilikuwa ya mbao, nyeupe, mwisho wa barabara ya vumbi, na nyuma yake ulipanda mlima mzima wa miti. Mlima ule ulikuwa wa Bi Verna. Mwanawe wa kiume, aliyehamia Arizona kwenye joto, alikuwa akimpigia simu kila Jumapili kumshawishi auuze akaishi naye, na kila Jumapili Bi Verna alimjibu kwamba atatoka pale akiwa amebebwa.

Tamsin hakuwahi kufurahi maishani kama alivyofurahi vuli ile. Asubuhi alishuka chuoni kwa baiskeli, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto. Siku za jua Profesa Ostrander aliwafundishia nje kwenye nyasi, na mbwa wa mwanafunzi mmoja alikuwa akilala katikati ya duara lao akikoroma kesi zikisomwa. Ijumaa walikwenda kuchuma matufaha, wakanywa maji ya tufaha yaliyochemshwa na kula donati za moto mpaka vidole vikawa sukari tupu. Walijitosa mtoni kwa kuthubutishana, wakatoka midomo ikiwa ya samawati, wakicheka. Tamsin aliwaandikia wa nyumbani kwamba amepata mahali pake duniani.

Kisha likaja somo la ardhi. Siku hiyo Profesa Ostrander, mama mwembamba aliyependa kutembea akifundisha, aliwaeleza jambo lililowatoa macho. Mtu akiitumia ardhi yako waziwazi kwa miaka kumi na mitano bila ruhusa yako, na wewe ukanyamaza, anaweza kwenda mahakamani akaichukua ikawa yake. Kinachomzuia ni ruhusa. Ukishamwambia "haya, tumia," basi hata aitumie karne nzima, yeye ni mgeni wako tu. Asiyepewa ruhusa ndiye wa kuogopwa. Darasa zima lilinung'unika kwamba huo ni wizi, na profesa akacheka, akawaambia watazame vizuri watakaporudi makwao.

Tamsin aliporudi mchana ule alikuta trekta la Royce Gilfillan uani kwa Bi Verna.

Royce alikuwa jirani wa upande wa pili wa ukuta wa mawe, mtu mrefu wa miaka sitini hivi, mwenye ndevu za kijivu na maneno machache. Tamsin alikuwa amemwona mara nyingi bila kumtilia maanani. Sasa alisimama na baiskeli yake akamtazama upya. Royce alikuwa akipanga kuni kwenye ardhi ya Bi Verna. Trekta lilikuwa limepita kwenye nyasi za Bi Verna, na njia yake lilikuwa limeichimba zamani, pana na ngumu. Na kule juu, kwenye miti ya meple, mipira yake ya plastiki ya kukusanyia utomvu unaochemshwa kuwa sharubati ilipita kutoka mti hadi mti kama kamba za kuanikia nguo, yote kwenye mlima wa Bi Verna. Alipomwona Tamsin aligusa kofia yake. Tamsin aliona kwamba hakutabasamu.

Jioni, wakimenya viazi, alimuuliza Bi Verna kwa upole kama aliwahi kumpa Bwana Gilfillan ruhusa.

"Ruhusa ya nini?" Bi Verna aliuliza.

"Ya kupita. Ya kutumia mlima."

Bi Verna alimtazama kana kwamba ameulizwa kama aliwahi kuipa mvua ruhusa ya kunyesha. Alisema Royce anapita tu, kama baba yake alivyokuwa anapita. Ile mipira ya utomvu je? Hiyo aliifunga vuli ile mumewe Bi Verna alipofariki, miaka kumi na minne sasa. Aliomba? Hapana, alikuja siku moja na ngazi, akaifunga. Kisha Bi Verna akachoka na maswali. "Mwanangu," alisema, "mahakama yako iache huko huko chuoni. Hapa mezani tunamenya viazi."

Kumi na minne. Usiku huo usingizi ulimpaa Tamsin. Kuna jambo moja ambalo hakuwa amemwambia mtu pale bondeni. Bibi yake mzaa mama, kule Baltimore, alipoteza nyumba yake kwa fundi mcheshi aliyekuja kuziba paa, akawa rafiki, akawa kama mwana, na mwisho akawa mwenye nyumba. Tamsin alikuwa na miaka tisa walipobeba vyombo na kuviweka barabarani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Tamsin alikuwa ameumwa pabaya.

Basi akaanza kumchunguza Royce, na mtu ukimchunguza sana utaona. Alimwona akitembea kando ya ukuta wa mawe, anasimama, anatazama mlima, anatembea tena. Alimwona akifunga utepe wa rangi ya chungwa kwenye miti fulani, mingine akiiacha. Anaweka alama za nini? Jumapili moja Bi Verna alipokuwa kanisani, Tamsin akiwa juu na vitabu vyake, alisikia mtu ameingia jikoni. Droo ikafunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa nyingine. Aliposhuka alimkuta Royce amesimama katikati ya jiko, mikono yake ina masizi.

"Verna hayupo?" Royce aliuliza.

"Unajua Jumapili hayupo."

Royce akasema alikuwa akitafuta tochi, aangalie dohani. Halafu, akiwa mlangoni, akageuka. "Unamwonaje siku hizi? Anasahausahau?"

Tamsin alimjibu kwamba Bi Verna ana akili zake timamu, zote. Alilisema kwa ukali uliomshangaza mwenyewe. Royce aliitikia kwa kichwa, akaenda zake, na kwenye mpini wa droo akaacha alama nyeusi ya dole gumba. Tamsin hakuifuta.

Siku iliyofuata alilimwaga lote, hata la bibi yake, mbele ya Lowell Baptiste, mwenzake wa kujisomea, kijana wa Texas aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo na hakika kwa kila jambo. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za maktaba wakila matufaha. Safari hii Lowell hakutania.

"Dada, huyo mzee anauchukua mlima," alisema. "Miti kaitia alama. Anauliza kama bibi anasahau. Mwakani miaka inatimia. Unataka nini tena, akutumie mwaliko?"

"Labda ni jirani tu."

"Kikulacho ki nguoni mwako, wakili."

Lowell, kwa uhakika wa mtu aliyesoma kurasa kumi, alisema dawa ni moja: vibao. Mwenye ardhi akitundika vibao vya kukataza watu, hakuna tena wa kudai kwamba mwenyewe alinyamaza. Tamsin alisema Bi Verna hatakubali, atacheka tu. Lowell akauliza kama yule bibi wa Baltimore alicheka. Nadhani hapo ndipo jambo lilipoamuliwa.

Mtu wa mjini hawezi kujua kibao ni kitu gani huku kwetu. Msitu huku hauna mlango. Mtu huwinda kwa jirani, huokota uyoga kwa jirani, hupita na mbwa wake kwa jirani, na hakuna aombaye wala ajibuye. Atundikaye vibao ni mtu aliyegombana na watu wote, au tajiri wa New York aliyenunua jana. Tamsin aliishi kwetu miezi miwili na hakuna aliyemwambia, kwa sababu nani humwambia mgeni asimtemee mate mwenyeji?

Alinunua vibao vya njano kwenye duka la pembejeo. Mwenye duka alimuuliza ni vya mlima gani. Tamsin akajibu wa Colburn, Bi Verna kamtuma. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza, nao alijiambia ni mdogo na ni wa wema. Mwenye duka alimrudishia chenji bila neno jingine, na mpaka jua linazama kijiji kizima kilikuwa na habari.

Jumamosi yeye na Lowell walipanda mlima. Siku ilikuwa nzuri kupita kiasi, majani ya mwisho ya dhahabu yakiwaangukia mabegani, na ukweli ni kwamba walifurahia. Walipigilia vibao kando ya ukuta wa mawe, kwenye njia ya trekta, kwenye mti mkubwa wa meple wenye mipira mingi kuliko yote. Kila kibao Tamsin alikiandika kwa wino mzito: MALI YA VERNA COLBURN. USIPITE, USIWINDE, USITUMIE BILA RUHUSA. Bi Verna, magoti yake mabovu, hakuwa amepanda kule miaka mingi. Asingejua mpaka siku Tamsin atakapomweleza alichoepushwa nacho.

Royce hakuonekana tena. Trekta halikuja. Mipira ya utomvu iliondolewa mitini siku moja Tamsin akiwa darasani, yote, safi, hata misumari iling'olewa. Tamsin alimwambia Lowell kwamba mwenye haki angekuja kuuliza, mwenye hatia ndiye hukimbia, na Lowell akamwita wakili mbele ya darasa zima. Alitembea wiki ile kichwa juu. Kwa mara ya kwanza, tangu vile vyombo viwekwe barabarani, alijiona amemlipia bibi yake.

Lakini Bi Verna alianza kukaa dirishani. Mwanzoni alisema Royce atakuwa anaumwa. Kisha Jumapili akamwona Royce kanisani, mzima wa afya, ameketi upande wa pili, na akatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Kuni uani zilikuwa nusu tu zimepasuliwa, na asubuhi ndoo ilikuwa ikiamka na barafu. Bi Verna alichukua shoka mwenyewe siku moja, Tamsin akamnyang'anya, akapasua yeye, vibaya. "Lazima nimesema neno," Bi Verna alisema, akimtazama. "Unakumbuka nimesema neno gani?" Tamsin akasema hakumbuki. Tangu hapo Bi Verna akawa anajichunguza, anakumbuka maneno ya mwaka juzi, nani alimtazama vipi kwenye mnada wa kanisa. Tamsin aliyaona macho yale akayatambua, maana ndiyo aliyokuwa nayo yeye vuli yote. Akaogopa kusema.

Ikafika siku ya kwanza ya kuwinda kulungu. Siku hiyo, miaka yote, wanaume wa bonde walipanda mlima wa Colburn alfajiri, na katikati ya asubuhi wakashuka na matope yao moja kwa moja jikoni. Wakala maharage ya Bi Verna, wakadanganyana kuhusu kulungu waliowakosa, na aliyepata akamwachia paja. Bi Verna alianza kupika jana yake. Alioka pai za tufaha na mkate, akapanga vikombe vyote mezani, hata vile vilivyomeguka, akavaa sweta lake la buluu la sikukuu. Tamsin aliteremka akaiona meza ile. Kwa mara ya kwanza alielewa neno USIWINDE aliliandika kwa nani.

Bunduki zililia asubuhi nzima, kwenye milima mingine. Maharage yakapoa, yakapashwa, yakapoa. Bi Verna alikaa mikono mapajani.

"Wameambiana," alisema mwishowe.

"Wameambiana nini, Bi Verna?"

"Kwamba nimezeeka. Kwamba ukiingia kwangu utakaa sana." Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Mwanangu huwa ananiuliza, mama, ukianguka nani atakuokota? Namwambia nina watu. Jumapili atapiga. Nitamwambia nini?"

Hapo Tamsin akasema yote. Alisimulia vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, somo la ardhi, ile miaka kumi na mitano, tepe, droo, bibi yake wa Baltimore. Machozi yalimtoka na hakuyapangusa. Bi Verna alisikiliza bila kumkatiza mpaka alipofika kwenye vibao.

"Uliandika jina langu?"

"Ndiyo."

"Na dukani ulisema nimekutuma?"

"Ndiyo, Bi Verna."

Bi Verna alisimama, akashika meza. Hakupaza sauti. "Mume wangu alianguka kule juu," alisema. "Royce alimbeba mgongoni mpaka hapa, akamlaza pale kwenye kochi, akakaa nami mpaka asubuhi. Nilikuwa sijamwomba." Kisha akaanza kurudisha vikombe kabatini, kimoja kimoja, na Tamsin alipotaka kumsaidia akamwambia aache.

Tamsin alipanda mlima mbio. Aling'oa vibao kwa nyundo na kwa kucha, vidole vikamchubuka. Miti yenye tepe za chungwa, sasa akiitazama bila majani, ilikuwa imeoza na kuinamia upande wa nyumba. Hata mtoto angejua ni ya kukatwa kabla theluji haijaiangusha juu ya paa. Alivuka ukuta wa mawe akiwa na vibao kwapani, akamkuta Royce bandani kwake anatia mafuta mnyororo wa msumeno. Hakuwa amekwenda kuwinda.

"Ni mimi," Tamsin alisema. "Bi Verna hakujua. Nilidhani unauiba mlima."

Royce aliendelea na mnyororo wake. "Nilijua si mwandiko wake," alisema baadaye. "Lakini nikajiuliza, huyu binti wazo kalitoa wapi? Mgeni haamki tu asubuhi akaniona mwizi. Lazima kuna mtu kasema neno."

"Bi Verna hakusema neno. Nakuapia."

"Unasema wewe."

Tamsin akamsihi. Alimwambia juu ya maharage na vikombe na lile sweta la buluu. Royce aliweka kopo la mafuta chini, na alipoinua uso Tamsin aliona kwamba mtu huyu mkubwa alikuwa ameumia kama mtoto.

"Tangu nisome kile kibao," Royce alisema, "sijui kama naweza kupita pale tena nikiwa mimi. Najiuliza kila mtu aliniona vipi miaka yote hii. Najiuliza hata kama si kweli. Ile mipira nilifunga bila kuuliza. Ulivyoandika, uliandika sawa."

"Si sawa. Njoo, tafadhali."

Alisema atakuja.

Alikuja alasiri. Hakushuka kwa njia ya trekta. Alizunguka kwa barabara, akaegesha gari lake chini, kwenye sanduku la barua, akatembea mpaka mlango wa mbele. Huku kwetu mlango wa mbele ni wa mchungaji na wa jeneza. Watu huingia kwa jikoni. Alibisha. Bi Verna na Tamsin ilibidi wasogeze kabati la viatu ndipo ufunguke.

Royce alikuwa amechana ndevu. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Bi Colburn," alisema, naye maisha yake yote alikuwa akimwita Verna. "Nimekuja kuomba ruhusa. Kuna miti mibovu juu ya nyumba yako. Ningependa kupita kuikata, kama hutajali. Na kuni, kama utaniruhusu."

Tamsin alisimama nyuma, kwenye ngazi, na lile somo la Profesa Ostrander lilipita kichwani mwake lote, zima. Mtumiaji ameomba, na mwenye ardhi akikubali, dai limekufa. Hakuna mahakama itakayougusa mlima huu tena.

Bi Verna aliitazama ile kofia mkononi mwa Royce. "Unaweza kupita, Royce," alisema.

"Asante, Bi Colburn."

"Kuna kahawa. Kuna pai."

"Siku nyingine. Sitaki kukusumbua." Alirudi kama alivyokuja, kwa barabara, akatembea pembeni kabisa, asikanyage nyasi.

Bi Verna hakufunga mlango. Baridi iliingia, na jiko lilikuwa na kuni chache.

"Sasa kisheria," Bi Verna aliuliza, mgongo ukiwa umemwelekea, "mlima wangu uko salama?"

"Ndiyo, Bi Verna."

"Hakuna mtu anayeweza kuuchukua?"

"Hakuna."

"Vizuri," Bi Verna alisema. "Basi niletee simu, nimwambie mwanangu anitafutie mnunuzi."